Kwa Nini Hip-Hop Haichoki Kuhesabu Nne

Desemba 2003 wimbo wa André 3000, "Hey Ya!", ulipanda hadi namba moja kwenye chati ya Billboard Hot 100 na kukaa huko wiki tisa. Tangu hapo umepigwa harusini, viwanjani na kwenye matangazo ya biashara, na watu wameucheza bila kujikwaa. Lakini ukiuhesabu kama mwalimu wa kwaya anavyohesabu, utakuta hauendi sawa. Kuna vipimo vitatu vya mapigo manne, kisha kipimo kimoja cha mapigo mawili tu, kisha vipimo viwili vya manne. Jumla ni mapigo 22, na baada ya hapo mzunguko unaanza upya. Anayepiga makofi kwa nne nne, akianza na "moja" katika mzunguko wa kwanza, mzunguko wa pili utamkuta akisema "tatu".

Wapenda nadharia wanautaja wimbo huu kila linapozuka suala la hesabu zisizo za kawaida katika hip-hop. Tatizo ni kwamba humo ndani hakuna anayerap. Mwimbaji ni mwana hip-hop wa Atlanta na albamu ni ya kundi lake la Outkast, ila wimbo wenyewe una damu ya roki na soul. Muziki wa hip-hop umetimiza nusu karne. Umemeza jazz, reggae, funk, roki, muziki wa filamu za Kihindi na kwaya za injili, na bado ukitafuta mfano maarufu wa mdundo uliotoka nje ya nne unaletewa wimbo wa kuimba. Hilo linahitaji maelezo, na maelezo mawili yanayotolewa mara nyingi, kwamba mashine zimewalemaza maprodyuza na kwamba watu hawawezi kucheza hesabu nyingine, hayanitoshi.

Kwa wasiosoma nota: zile namba mbili zinazoandikwa mwanzoni mwa wimbo hueleza kipimo kimoja kina mapigo mangapi na kila pigo ni la aina gani. Wanakwaya wetu wanazitaja kwa majina: nne kwa nne, tatu kwa nne, sita kwa nane. Tano kwa nne na saba kwa nane ni nadra makanisani na ni nadra zaidi redioni. Muziki wa filamu na tamthilia ya "Mission: Impossible", ulioandikwa na Lalo Schifrin mwaka 1966, unakwenda kwa tano. Miaka thelathini baadaye, 1996, Adam Clayton na Larry Mullen wa kundi la U2 walipoutengeneza upya kwa ajili ya filamu, sehemu yake kubwa waliigeuza ikawa nne kwa nne, na ikauzwa vizuri sana. Tano ilikuwa sawa kwa jasusi wa kwenye televisheni. Kwenye disko wakaona waiongezee au waipunguzie hadi ikae.

Tukirudi mwanzo wa hip-hop, kule Bronx jijini New York, tunaona nne ilivyoshika mizizi. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la barabara ya Sedgwick, DJ Kool Herc alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa hip-hop. Herc aligundua kwamba wachezaji walikuwa wakingojea sehemu fupi ya rekodi ambapo vyombo vingine vinanyamaza na ngoma zinabaki peke yake. Akaanza kuirefusha sehemu hiyo kwa kutumia nakala mbili za rekodi ileile: moja ikiisha, ya pili inaanza. Rekodi alizochagua zilikuwa za funk na soul, za James Brown, za Incredible Bongo Band, na karibu zote zilikuwa nne kwa nne. Grandmaster Flash akaja akaifanya kazi hiyo kuwa ya kitaalamu zaidi. Alichora alama kwa krayoni kwenye santuri ili ajue airudishe nyuma mizunguko mingapi sehemu ya ngoma ianze tena bila pengo.

Kazi hiyo ya mikono ndiyo iliyofunga mlango, kwa maoni yangu, miaka mingi kabla mashine haijaingia. DJ anayeunganisha rekodi mbili tofauti anahitaji "moja" ya huku iangukie "moja" ya kule. Rekodi moja ikiwa na mapigo manne na nyingine saba, zitakutana mara moja tu katika kila mapigo 28, na kabla ya hapo sakafu nzima imeshapigwa butwaa. Nne ilikuwa lugha ya pamoja ya masanduku ya santuri. Haikuamuliwa na mtu. Ilikuwa sharti la kuingia sokoni, na rekodi isiyotimiza sharti ilirudishwa sandukuni.

Mashine za ngoma zilipofika zilikuta nyumba imeshajengwa. Roland TR-808 ya mwaka 1980 ina vitufe 16 vilivyojipanga kwa mstari mmoja, vinne kwa kila pigo, na macho yanakuambia moja kwa moja kipimo ni nini. Programu za kompyuta zilizofuata, FL Studio ikiwa mojawapo, ziliiga mstari uleule, kwa hiyo kijana anayefungua programu leo Kinondoni au Kayole anapokewa na visanduku 16 kabla hajawaza lolote. Hata hivyo siwezi kuipa mashine hatia yote. 808 yenyewe inaruhusu kupunguza hatua zikawa 12. Akai MPC60 ya 1988, iliyobuniwa na Roger Linn, na ndugu zake waliofuata, inakubali hesabu yoyote utakayoiandikia. Uwezo ulikuwepo kuanzia mwanzo na karibu kila mtu aliuacha.

Hoja ya kucheza ni dhaifu zaidi. Wagiriki wanacheza kalamatianos kwa saba, wazee kwa watoto wameshikana mikono, na hakuna anayehesabu. Waturuki wana tisa kwa nane inayogawanywa mbili, mbili, mbili, tatu, na harusi zao zinachangamka kwayo. Wala ulimi haushindwi: katika muziki wa Kusini mwa India kuna sanaa ya konnakol, ambapo msanii anatamka silabi za ngoma kwa kasi ya ajabu katika mizunguko ya tano na ya saba, na kwa mtu aliyezoea rap, huo ni ukoo uleule wa sanaa ya mdomo na mdundo. Hapa kwetu pwani sita kwa nane si kitu cha kushangaza hata kidogo. Chakacha inakwenda nayo, na taarabu inaitumia mara kwa mara. Mdundo ambao gazeti la muziki la New York lingeuita wa ajabu, bibi wa Mombasa anautikisia kiuno bila kuweka kikombe chini.

Basi nini kilichoibakiza hip-hop kwenye nne? Naamini jibu liko kwa rapa, na linaonekana ukiacha kuangalia biti ukasikiliza sauti iliyo juu yake. Rapa hana melodia ya kumbeba. Alichonacho ni mahali silabi inapoangukia, na mahali hapo pana maana kwa sababu tu msikilizaji anajua pigo liko wapi. Silabi ikichelewa nusu ya nusu ya pigo, sikio linasikia uvivu, dharau au utani. Ikiwahi, linasikia haraka au hasira. Mchezo huo unahitaji ukuta usiosogea. Mwimbaji wa jazz anaweza kufuata piano inapokwenda. Rapa anamfanya msikilizaji ashike hesabu kichwani ili yeye apate cha kuikwepa. Kadiri ukuta unavyojulikana ndivyo mchezo unavyopanuka, na hakuna ukuta unaojulikana kama nne.

Ndiyo maana hesabu za ajabu katika hip-hop zimejaa tele, ila zimehamia ghorofa ya juu. Chukua kipimo cha kawaida chenye nafasi 16. Rapa anaweza kuzigawa tatu, tatu, tatu, tatu, kisha nne ya kufidia, na kwa muda huo sikio linasikia mwendo wa tatu ukipita juu ya mwendo wa nne. Akiamua kutofidia na kuendelea na tatu tatu, mkazo wake utaanguka tena kwenye "moja" baada ya vipimo vitatu kamili, na katika safari hiyo kila pigo linaguswa kwa namna tofauti. Kuna njia nyingine, ya kukata pigo lenyewe sehemu tatu badala ya nne. Chuck D aliitumia katika "Bring the Noise" miaka ya themanini. Three 6 Mafia wa Memphis na Bone Thugs-n-Harmony wa Cleveland wakaijengea nyumba miaka ya tisini. Migos wakaja na "Versace" mwaka 2013 na baada yake ilikuwa vigumu kuwasha redio ya Marekani usiisikie. Huo ni mwendo wa kumi na mbili kwa nane uliopandikizwa juu ya nne kwa nne, na mamilioni ya watoto waliuiga bila kuambiwa jina lake.

Rakim, aliyepiga saksafoni utotoni na kumpenda John Coltrane, alifanya kitu kingine: aliacha sentensi ivuke mpaka wa kipimo na kuweka vina katikati ya mstari, mahali ambapo marapa waliomtangulia hawakuviweka mara nyingi. Albamu "Paid in Full" ya mwaka 1987 bado inasikika ya kisasa kwa sababu hiyo, ingawa biti zake zimezeeka. MF DOOM alikifikisha kitu hicho mbali zaidi katika "Madvillainy" ya mwaka 2004, aliyoifanya na Madlib. Sentensi zake zinaanza popote zinapotaka, vina vinaangukia popote vinapoangukia, na ukijaribu kuchora mstari unapoisha utapata vipimo vya tano, vya saba, vya tatu na nusu, huku ngoma chini ikiendelea na nne yake kama saa ya ukutani. Mtafiti Mitchell Ohriner, katika kitabu chake cha mwaka 2019 kuhusu mtiririko wa sauti ya rapa, alimtengea nafasi Talib Kweli kwa sababu sauti yake mara nyingi haikubali kukaa kwenye pigo lililopo. Wapo waliomcheka Kweli kwa hilo, wakisema hawezi kushika biti. Mimi nasikia mtu anayejua pigo liko wapi na hana haraka ya kulifikia.

Halafu kuna J Dilla, na hapa mazungumzo ya namba za mwanzoni mwa nota yanakwama kabisa. James Yancey wa Detroit alitengeneza biti zilizo nne kwa nne, zote au karibu zote, lakini ngoma zake zilisogezwa kutoka mahali pake kwa vipande vidogo visivyoandikika: snea inawahi kidogo, ngoma ya chini inachelewa, matoazi yanakwenda sawasawa huku vingine vikiyumba. "Runnin'" ya The Pharcyde, mwaka 1995, ni mfano mzuri wa kuanzia. Questlove wa The Roots amesimulia mara nyingi jinsi alivyosikia biti za Dilla kwa mara ya kwanza kwenye onyesho la Pharcyde, akashangaa ni nani aliyeruhusiwa kupiga ngoma ya chini kilevi namna ile. Baadaye yeye na wenzake walijifunza kupiga hivyo kwa mikono, na matokeo yake yamo ndani ya "Voodoo" ya D'Angelo, mwaka 2000. Dan Charnas, aliyeandika kitabu "Dilla Time" mwaka 2022, anadai kwamba Dilla aliongeza aina ya tatu ya mwendo, baada ya ule ulionyooka na ule wa kuyumba, kwa kuiweka yote miwili pamoja igombane. Naona dai hilo ni la haki. Dilla alifariki tarehe 10 Februari 2006, siku tatu baada ya "Donuts" kutoka, na MPC yake sasa iko kwenye jumba la makumbusho la historia ya Wamarekani Weusi mjini Washington. Mtu aliyebadilisha hisia ya wakati katika muziki wa kizazi kizima hakuhitaji kugusa ile nne.

Kati ya rapa aliye juu na ngoma iliyo chini kuna tabaka la tatu ambalo wachambuzi hulipita haraka mno: urefu wa lupu, yaani kipande cha muziki kinachojirudia. Hip-hop haihesabu nne kwenye pigo tu, inahesabu nne kwenye vipimo pia. Lupu ni ya kipimo kimoja, viwili, vinne. Kiitikio ni vipimo vinane. Mashairi ni 16. Hapo ndipo "Electric Relaxation" ya A Tribe Called Quest, kutoka "Midnight Marauders" ya Novemba 1993, inapofanya ujanja. Sampo yake imetoka kwenye "Mystic Brew" ya mpiga ogani Ronnie Foster, ya mwaka 1972, na lupu ina vipimo vitatu. Kila kipimo ni cha mapigo manne, huwezi kulalamika. Lakini Q-Tip na Phife Dawg wanarap kwa jozi za mistari, mbili mbili, kama marapa wote. Jozi na lupu zinakutana kila baada ya vipimo sita. Kundi la mistari minne linakutana na lupu baada ya vipimo 12. Katikati hapo, mstari uleule wa jozi unapata kila mara rangi tofauti ya besi chini yake. Ndiyo sababu wimbo hauchoshi ingawa karibu hauna kinachobadilika, na ndiyo sababu watu wengi wameusikiliza miaka thelathini wakihisi kuna kitu kinaelea bila kujua ni nini.

Mpiga piano Vijay Iyer, ambaye mwaka 1998 aliandika tasnifu pale Berkeley kuhusu mwili na mdundo, aliupiga "Mystic Brew" na trio yake katika albamu "Historicity" ya mwaka 2009. Hakuuchagua kwa bahati. Alikulia kwenye hip-hop na kwenye mahesabu ya muziki wa Kihindi, na wimbo huo unakaa mahali vitu hivyo viwili vinapopakana. Kama ningetakiwa kumpa prodyuza kijana somo moja tu kuhusu hesabu zisizo za kawaida, ningemwambia aache saba kwa nane kwanza akate lupu ya vipimo vitatu, au vitano, amwite rapa wake wa kawaida, asimwambie kitu.

Mwendo wa tatu wa wazi, ule ambao hata ngoma inaufuata, umefanywa na wakubwa pia. "My 1st Song", wimbo wa mwisho wa "The Black Album" ya Jay-Z ya mwaka 2003, unakwenda kwa sita kwa nane juu ya sampo ya kundi la Los Ángeles Negros la Chile. Albamu ilitangazwa kuwa ya kuaga, na mwendo ule wa kuzunguka unafaa kwa mtu anayefunga mlango huku akitabasamu. Kanye West aliusogelea mwendo kama huo katika "Spaceship", mwaka uliofuata, kwa sababu "Distant Lover" ya Marvin Gaye aliyoisampo ilikuwa hivyo tayari. Katika nyimbo zote mbili hesabu ilikuja na sampo. Hakuna aliyekaa chini kusema leo tutaandika sita kwa nane. Walipenda rekodi, rekodi ikaja na miguu yake.

Waliokaa chini na kusema hivyo wapo, na kwao matokeo yanatofautiana. Aliyekwenda mbali zaidi ni Steve Coleman, mpiga saksafoni aliyezaliwa Chicago mwaka 1956 na mmoja wa waanzilishi wa kundi la M-Base huko Brooklyn. Kundi lake la Metrics liliwaweka marapa Kokayi, Sub-Zero na Black Indian mbele ya wanamuziki waliokuwa wakipiga mizunguko inayopishana, besi ikiwa na urefu wake, ngoma na urefu wake, saksafoni na wake. "The Way of the Cipher" ilirekodiwa jukwaani, kwenye klabu ya Hot Brass jijini Paris, Machi 1995, na sehemu kubwa ya maneno ni mitindo huru. Ukisikiliza kwa makini utaona kwamba marapa hawa hawahesabu. Wameushika mstari wa besi kama mtu anavyoushika wimbo, wanajua unaporudi nyumbani, na wanarudi nao. Pale wanapouacha ukaenda zake ndipo panaponoga. Kwa nini albamu hiyo haikuzaa ukoo? Nadhani ni kwa sababu ilihitaji bendi ya wapigaji wa kiwango kile iliyokaa mazoezini muda mrefu, wakati hip-hop ilipata nguvu zake kutoka kwa watu wenye mashine moja na chumba cha kulala.

Clipping., kundi la Los Angeles ambalo rapa wake Daveed Diggs baadaye alijulikana dunia nzima kwa kuigiza katika "Hamilton", walichukua njia ya usimulizi. Katika "Story 2", kwenye albamu yao ya mwaka 2014, idadi ya mapigo ndani ya kipimo haitulii. Inabadilika hatua kwa hatua huku hadithi ikimbana mhusika. Kwa mara ya kwanza hapo unasikia hesabu ikifanya kazi ambayo maneno peke yake yasingeweza. Msikilizaji hajui ni nini kilichobadilika, anajua tu kwamba ardhi si ileile. Muingereza Soweto Kinch, anayepiga saksafoni na kurap yeye mwenyewe, alijenga albamu yake ya "Nonagram", mwaka 2016, juu ya namba na maumbo. Ni kazi ya akili nyingi, na mara nyingine akili hiyo inaonekana kupita kiasi. Ugonjwa huo ndio unaozipata rekodi nyingi za rap zilizoandikwa kwa tano au saba. Rapa anasikika akivuka mto kwa kukanyaga mawe, jicho likiwa kwenye jiwe linalofuata, na maneno yanapungua uzito kwa sababu nusu ya akili iko kwenye hesabu.

Rap ya Kiswahili ilirithi nne pamoja na kanda. Saleh Jabir alipotia maneno ya Kiswahili juu ya "Ice Ice Baby" mwaka 1991, biti ilikuja nzima kutoka Marekani, na vijana wa Dar es Salaam na Nairobi waliomfuata walijifunzia kwenye biti za namna hiyo. Baadaye walikuja waliojaribu kuingiza mapigo ya nyumbani. X Plastaz wa Arusha, katika albamu ya mwaka 2004, waliweka uimbaji wa Kimaasai ndani ya hip-hop, na sauti ile ya kooni ina mwendo wake ambao haukuwahi kuomba ruhusa kwa kipimo cha mtu.

Lakini lugha yenyewe imebeba kitu ambacho sijasikia marapa wetu wakikitumia vya kutosha. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Kipimo cha nne kwa nne kina nafasi 16. Hapo panaonekana kama ndoa ya mbinguni, mpaka uanze kughani. Mkazo wa neno la Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mikazo ya vina inaangukia mizani ya 7 na ya 15, wakati snea inapiga nafasi ya 5 na ya 13. Ukianza kughani sawa na pigo la kwanza, vina vinaikosa snea kwa nafasi mbili kila mara na shairi linasikika limepoa. Anza nafasi mbili kabla ya pigo la kwanza, na mikazo yote miwili inatua juu ya snea. Kwa mwendo wa mapigo 90 kwa dakika ni silabi sita kila sekunde bila mahali pa kuvuta pumzi, kwa hiyo itabidi wawili wapokezane. Majibizano ya washairi wetu yamefanya hivyo siku zote, ingawa kwa mwendo wa polepole zaidi.

Na shairi la mizani 16 ni bahari moja tu. "Al-Inkishafi" ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate inakwenda kwa mizani 10, sita na nne. Ukawafi, bahari ya shairi la "Hamziya", una mizani 15 zilizokatwa sita, nne na tano. Watu wa Lamu na Pate waliughani ukawafi vizazi kwa vizazi bila kuona ajabu katika 15, na mwalimu wa madrasa hakuwahi kumwambia mtoto ahesabu. Prodyuza anayetaka kutoka kwenye nne bila kumkopa Schifrin anaweza kupanga hatua 15 badala ya 16, aweke ngoma ya chini mwanzoni mwa kila kipande na snea chini ya mkazo wa kila kipande, yaani hatua ya 5, ya 9 na ya 14. Rapa atakayeitwa studio awe amelelewa na nyanya anayeghani. Biti hiyo itamchanganya DJ, na kwenye klabu haitaungana na wimbo wowote uliotangulia.